Eliud Wambu Mathu: Mwana wa Riruta na Swali la Barazani

Utangulizi

Kiti cha kwanza cha Mwafrika katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya hakikupatikana kwa kura. Kilitolewa na gavana mnamo Oktoba 1944, na aliyekikalia alikuwa mwalimu mwenye umri wa miaka 34, mzaliwa wa Riruta, kando ya Kawangware, upande wa magharibi wa Nairobi. Mwalimu huyo ni Eliud Wambu Mathu. Baraza lenyewe lilikuwa limeanza vikao vyake mwaka 1907. Kwa muda wa miaka 37, basi, Waafrika, ambao walikuwa wengi kuliko jamii nyingine zote kwa pamoja, walitozwa kodi, wakatungiwa sheria na kupangiwa matumizi ya kodi hiyo bila ya hata mmoja wao kuwamo ukumbini.

Jina la Mathu halivumi leo kama yavumavyo majina ya Jomo Kenyatta, Dedan Kimathi, Tom Mboya au Pio Gama Pinto. Hakuingia msituni, hakuhukumiwa Kapenguria, wala hakuuawa kwa risasi. Silaha yake ilikuwa moja tu, nayo ni swali: swali lililoandikwa, likapewa nambari, likasomwa mbele ya wakuu wa serikali na kujibiwa, hata kama kwa jibu la mkato. Makala haya yanasimulia maisha ya mwanasiasa huyo na kuipima silaha yake: ilifaa nini, ilishindwa wapi, na iliwaachia urithi gani wakazi wa mitaa iliyochipuka kandokando ya kwao, hususan Kawangware na Kibera.

Malezi na Elimu

Mathu alizaliwa mwaka 1910. Wakati huo Riruta ilikuwa sehemu ya Dagoretti, katika wilaya ya Kiambu, wala haikuhesabiwa kuwa Nairobi. Reli ilikuwa imefika Nairobi mwaka 1899, na mji uliokua kando ya reli ulitazamwa na watawala kuwa mji wa Wazungu, ambamo Mwafrika alikuwa mgeni wa kazi. Ardhi ya Dagoretti ilibaki ndani ya hifadhi ya Wakikuyu hadi mipaka ya jiji ilipopanuliwa wakati wa uhuru. Jambo hili lina uzito wake. Mwafrika aliyeajiriwa mjini hakuruhusiwa kukaa humo apendavyo. Alihitaji kibali na mahali halali pa kulala, na vyote viwili vilikuwa adimu. Kawangware, kwa kuwa ilikuwa nje kidogo ya mpaka, ikawa kimbilio la vibarua waliopanga vyumba katika mashamba ya wenyeji na kwenda mjini kila siku kutafuta riziki.

Kibera, iliyo jirani na Dagoretti, ilikuwa na historia tofauti. Huko walikuwa Wanubi, wazao wa askari waliotoka Sudan na kulitumikia jeshi la Waingereza, yaani King's African Rifles. Waliruhusiwa kujenga katika msitu huo mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 eneo la ekari 4,197 likatangazwa rasmi kuwa la jeshi. Mwaka 1928 usimamizi wake ulihamishwa kutoka jeshini na kukabidhiwa serikali ya kiraia. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Sir Morris Carter, ambayo ripoti yake ilitoka mwaka 1934, iliwaona Wanubi hao kuwa wapangaji wa hisani katika ardhi ya Mfalme wa Uingereza, watu wanaoweza kuondolewa mwenye ardhi atakapo. Hivyo, umbali wa mwendo mfupi tu kutoka kwa kina Mathu, kulikuwa na jamii iliyopewa makao bila ya hati, na isiyokuwa na mtu wa kuisemea barazani.

Elimu ndiyo iliyomtoa Mathu katika mazingira hayo na kumtembeza ulimwenguni. Baada ya masomo ya awali katika shule za misheni, alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa Shule ya Upili ya Alliance, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926. Baadaye alifundisha katika shule hiyohiyo, akiwa Mwafrika wa kwanza kuwamo katika safu ya walimu wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikwenda Fort Hare, Afrika Kusini, chuo kilichowalea viongozi wengi wa Kiafrika wa karne hiyo. Mwishoni mwa mwongo huo alikwenda Uingereza, akasoma Exeter na kisha Balliol, Oxford. Alirejea Kenya mwaka 1940, vita vikiwa vimekwisha kupamba moto.

Aliporudi Alliance alikumbana na ukweli ambao elimu haikuweza kuufuta. Mwalimu Mwafrika, hata aliyesoma Oxford, alilipwa chini ya Mzungu mwenye kazi kama yake. Ubaguzi huo haukuwa wa shule moja; ulikuwa utaratibu wa serikali nzima. Mathu hakuwa mgeni wa kudai haki za walimu, kwani katikati ya miaka ya 1930 yeye na James Gichuru walikuwa wamekwisha kushiriki kuanzisha chama cha walimu Waafrika, mmojawapo wa mizizi ya harakati zilizokuja kuzaa chama cha kitaifa cha walimu. Hatimaye aliiacha Alliance na kwenda kuongoza shule ya Dagoretti, karibu na kwao, katika mkondo wa shule huru zilizojengwa kwa michango ya wananchi wenyewe. Hapo ndipo uteuzi wa gavana ulipomkuta.

Baraza Alilolikuta

Ili kuuelewa ujasiri wa Mathu, inafaa kulitazama baraza lenyewe. Gavana ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa vikao. Upande mmoja walikaa maofisa wa serikali, na upande wa pili walikaa wajumbe wa walowezi waliochaguliwa na Wazungu wenzao, pamoja na wawakilishi wachache wa Wahindi na Waarabu. Masilahi ya Waafrika yalikabidhiwa wamisionari walioteuliwa. Wa kwanza wao, Dkt. John Arthur wa misheni ya Kiskoti, aliteuliwa mwaka 1924; na Mathu alipoingia alimkuta Leonard Beecher wa Kanisa la Kianglikana akiwa katika nafasi hiyo. Baadhi ya wamisionari hao walijitahidi kwa nia njema. Hata hivyo, mwenye kusemewa hana uwezo wa kumsahihisha msemaji wake papo hapo. Adhabu ya kaburi, kama wasemavyo wahenga, aijuaye maiti.

Gavana Sir Henry Moore alimteua Mathu Oktoba 1944. Mwezi huohuo wasomi na wanasiasa wa Kiafrika walikutana Nairobi na kuunda Kenya African Union, yaani KAU, ili mjumbe huyo mmoja awe na watu wa kumshauri na kumpa nguvu. Harry Thuku ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake wa kwanza. Serikali ilikishurutisha chama hicho kujiita cha utafiti kwa muda, lakini mwaka 1946 kililirudia jina lake la awali, na mwaka 1947 Jomo Kenyatta akawa rais wake. Chama kilichokuja kupigwa marufuku mwaka 1953 kilianza, basi, kama kamati ya kumsaidia mwalimu wa Riruta kuuliza maswali.

Swali na Nguvu Yake

Swali la bungeni si mazungumzo ya kawaida. Mjumbe hutoa ilani kwa maandishi, swali likaingizwa katika orodha ya shughuli za siku, na ofisa wa serikali anayehusika akawajibika kulijibu mbele ya wote. Baada ya jibu, muulizaji ana fursa ya swali la nyongeza, na hapo ndipo ubingwa hujulikana, kwa kuwa ofisa aliyesoma jibu alilotayarishiwa hulazimika kusimama kwa akili zake mwenyewe. Kila neno huandikwa katika Hansadi. Muulizaji akishindwa leo, swali lake na jibu alilopewa hubaki kwenye rafu, likingoja msomaji wa kesho.

Mnamo 1945 gavana mpya, Sir Philip Mitchell, alianzisha utaratibu ambao idara za serikali ziligawanywa chini ya Wajumbe maalum wenye dhamana ya kujibu barazani. Kilimo, kwa mfano, kilikabidhiwa Ferdinand Cavendish-Bentinck, kiongozi wa walowezi. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa vyeo vilivyoitwa uwaziri baada ya katiba ya 1954. Mathu, kwa hiyo, alikuwa Mwafrika wa kwanza nchini kumsimamisha mtu mwenye dhamana ya wizara na kumtaka aeleze fedha na sera zake.

Hoja yake ya msingi ilikuwa rahisi kuifahamu na ngumu kuikanusha. Mwafrika alilipa kodi ya kibanda na ya kichwa tangu mwanzo wa utawala, ilhali kodi ya mapato, iliyowagusa hasa matajiri, haikuanzishwa hadi mwaka 1937. Zaidi ya hayo, Mwafrika alilipa ushuru wa bidhaa kama walivyolipa wengine. Fedha hizo zilirudi kwake kwa kiasi gani? Shule za watoto wa Kizungu zilitengewa kwa kila mtoto kiasi kilichozidi mara nyingi kile cha mtoto wa Kiafrika. Barabara zilielekea kwenye mashamba ya walowezi. Kila yalipojadiliwa makadirio ya matumizi, mzani huo ulikuwa pale, na Mathu aliudai uonekane.

Suala la kipande linaonyesha vizuri namna swali linavyoweza kufanya kazi na namna linavyoweza kupotoshwa. Tangu mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuvaa shingoni kijisanduku cha bati chenye cheti cha alama za vidole na kumbukumbu za ajira zake. Kukosa kipande kulikuwa kosa la jinai. Mathu aliupinga utaratibu huo bila ya kuchoka, akishikilia kwamba sheria ya kuandikisha watu, iwapo inahitajika, iwahusu wote. Mwaka 1947 ilipitishwa sheria ya kuandikisha watu wa jamii zote, pamoja na kuchukua alama zao za vidole. Walowezi walipotakiwa kutia vidole vyao katika wino, walighadhibika. Iliundwa tume ya Sir Bertrand Glancy, na kufuatia ripoti yake ya mwaka 1950 Wazungu wakapata njia ya kukwepa alama hizo. Usawa uliopatikana katika maandishi ukatoboka katika utekelezaji. Hata hivyo, lile bati la shingoni liliondoka, na walowezi walilazimika kukiri hadharani kwamba jambo walilowafanyia wengine kwa miaka 30 lilikuwa aibu lilipowafikia wao.

Mishahara ya watumishi wa serikali ilikuwa uwanja mwingine. Tume ya Holmes, iliyoripoti mwaka 1948, iliendeleza kanuni kwamba Mwafrika alipwe sehemu tatu kati ya tano, yaani asilimia 60, ya mshahara wa Mzungu kwa kazi ileile. Kanuni hiyo haikuondolewa hadi baada ya Tume ya Lidbury ya 1954. Mwalimu aliyewahi kulipwa kwa rangi ya ngozi yake alikuwa na sababu ya kuielewa hesabu hiyo kuliko yeyote ukumbini.

Viti navyo viliongezeka. Mwaka 1947 B. A. Ohanga kutoka Nyanza aliungana na Mathu. Mwaka 1948 Waafrika wakawa wanne, na mwaka 1952 wakawa sita. Haingekuwa haki kudai kwamba ongezeko hilo lilitokana na mtu mmoja. Vita, migomo na shinikizo la KAU vyote vilichangia. Lakini mjumbe wa kwanza alikuwa ameiondolea serikali kisingizio kilichotumika kwa muda mrefu, kwamba hapakuwa na Mwafrika anayeweza kuzisoma hesabu za nchi.

Kiwanja cha Maskini

Mwezi Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa walisimamisha kazi. Bandari, reli na nyumba za matajiri zilikosa watumishi kwa takribani siku 12. Wagomaji walikutana kila siku katika kiwanja cha mpira cha Majengo, nao wakakipa jina la Kiwanja cha Maskini. Kiongozi wao mashuhuri alikuwa Chege Kibachia. Serikali haikuweza kuwarudisha kazini kwa vitisho, ikamtegemea Mathu. Alikwenda Mombasa, akasimama mbele ya umati, akaahidi kwamba malalamiko yao yangesikilizwa na chombo maalum. Wagomaji walimwamini na kurudi kazini. Baraza la uamuzi liliundwa chini ya Jaji Ransley Thacker, na baadhi ya wafanyakazi waliongezewa mishahara.

Tukio hili limesomwa kwa namna mbili. Wapo wanaomwona Mathu kuwa mpatanishi aliyewaepusha watu na mtutu wa bunduki na kuwapatia nyongeza. Wapo wanaomwona kuwa mtu aliyezima moto uliokuwa ukielekea kuwaka vizuri. Yaliyofuata yanaupa uzito usomaji wa pili: mnamo Agosti 1947 Kibachia alikamatwa, akapelekwa kizuizini Baringo kwa takribani miaka 10. Aliyeahidi barazani alibaki na kiti chake. Aliyesimama kiwanjani alipotezwa. Naye Jaji Thacker, miaka michache baadaye, ndiye aliyekaa Kapenguria kumhukumu Kenyatta. Swali la Mathu lilikuwa na kikomo hiki: lilifaa kadiri serikali ilivyotaka kuonekana kuwa inasikiliza.

Hali ya Hatari na Kura ya 1957

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kikomo hicho kilidhihirika kwa uchungu. Suala la ardhi lilikuwa limeulizwa barazani, limeandikiwa maombi, limepelekwa hadi London, na majibu yalikuwa yaleyale. Vijana wa Nairobi na wa hifadhi walianza kula kiapo. Agosti 1952 mkutano mkubwa ulifanyika Kiambu, ambapo viongozi wa Kikuyu, akiwamo Mathu, walijitokeza kulaani Mau Mau. Mwaka huohuo aliteuliwa kuingia katika Baraza Tawala la gavana, akiwa Mwafrika wa kwanza kukaa humo. Kwa upande mmoja, hiyo ilikuwa heshima. Kwa upande mwingine, ulikuwa mtego, kwa maana mtu aliyejulikana kwa kuiuliza serikali sasa alihesabiwa kuwa sehemu ya serikali inayoulizwa.

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. KAU ilipigwa marufuku Juni 1953. Aprili 1954 ilifanyika Operesheni Anvil, ambapo majeshi yaliizingira Nairobi, yakawakamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru na kuwapeleka kambini. Katika hifadhi ya Kiambu, wananchi walihamishwa kwa nguvu na kurundikwa katika vijiji vya lazima. Mathu alibaki barazani akiwasemea watu ambao wengi wao hawakuwa tena huru hata kuhudhuria mkutano wake. Baadhi ya walowezi walimtuhumu kuwa ni mnafiki aliyewaunga mkono waasi kichinichini. Baadhi ya wapiganaji nao walimhesabu miongoni mwa watu wa serikali. Alikuwa kama daraja ambalo kingo zake zote mbili zimebomoka.

Machi 1957 Waafrika walichagua wajumbe wao wanane kwa mara ya kwanza. Utaratibu wa kura, uliotokana na mapendekezo ya Walter Coutts, uliwapa baadhi ya watu hadi kura tatu kwa kigezo cha elimu, mali au utumishi. Katika Mkoa wa Kati, Wakikuyu, Waembu na Wameru walihitaji cheti cha uaminifu kwa serikali ndipo waandikishwe. Wakikuyu wengi hawakukipata au hawakukitaka. Matokeo yake ni kwamba Wameru walikuwa na uzito mkubwa katika daftari la wapiga kura, na Bernard Mate, mwalimu kutoka Meru, akamshinda Mathu. Nairobi ilimchagua Tom Mboya. Nyanza ya Kati ikamchagua Oginga Odinga. Miongoni mwa wajumbe wa zamani walioteuliwa, Daniel arap Moi alirudi.

Kuna kejeli chungu katika kushindwa huko. Mtu aliyedai kwa miaka 13 kwamba Waafrika wachague wajumbe wao aliangushwa siku walipochagua, na aliangushwa katika uchaguzi ambao wengi wa majirani zake wa Riruta na Dagoretti hawakuruhusiwa kuushiriki. Wajumbe wapya walikuja na sauti kali zaidi. Walikataa kushika nyadhifa za uwaziri chini ya katiba ya 1954 na kutumia baraza kama jukwaa la kuubomoa mfumo wenyewe. Lakini kanuni walizozitumia, kuanzia ilani hadi swali la nyongeza, zilikuwa zilezile ambazo mwalimu wa Riruta alizizoea peke yake walipokuwa bado wanafunzi na vijana wa kazi.

Miaka ya Ikulu

Baada ya kuondoka barazani, Mathu alifanya kazi katika Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika, yenye makao yake Addis Ababa. Kenya ilipopata uhuru alirejea kumtumikia Rais Kenyatta, akiwa katibu wake binafsi na baadaye mdhibiti wa Ikulu. Alifariki mwaka 1993.

Mgala muue na haki yake mpe. Na haki ya msomaji pia ni kuelezwa upande wa pili. Serikali aliyoitumikia Mathu katika utu uzima wake haikuwapenda waulizaji. Pio Gama Pinto aliuawa Februari 1965. J. M. Kariuki, mbunge aliyehoji namna ardhi na mali ya taifa ilivyogawanywa, aliuawa Machi 1975. Bunge liliunda kamati teule chini ya Elijah Mwangale kuchunguza mauaji hayo. Ripoti yake ilipopigiwa kura mwezi Juni, waziri Masinde Muliro pamoja na mawaziri wadogo Peter Kibisu na John Keen waliiunga mkono, na wakafutwa kazi. Oktoba mwaka huohuo, naibu spika Jean-Marie Seroney na mbunge Martin Shikuku walikamatwa katika majengo ya Bunge na kuwekwa kizuizini kwa sababu ya maneno waliyoyasema ndani ya ukumbi. Mwaka 1977 George Anyona naye alikamatwa, baada ya kuhoji zabuni ya mabehewa ya reli. Ukoloni haukumfunga Mathu kwa kuuliza. Dola huru liliwafunga waliomfuata. Ukimya wake katika miaka hiyo ni sehemu ya maisha yake kama vile maswali yake yalivyo.

Lugha ya Swali

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, maisha haya yanaibua suala jingine. Mathu aliuliza kwa Kiingereza, lugha pekee iliyokubalika barazani. Wananchi waliohusika na maswali hayo, yaani mpangaji wa Kawangware, Mnubi wa Kibera, kuli wa bandarini, hawakuielewa. Ili swali litoke ukumbini na kuwafikia wenyewe, lilihitaji kuvuka lugha. Kazi hiyo ilifanywa na mikutano ya KAU na magazeti. Gazeti la Baraza, lililoanzishwa mwaka 1939, liliandikwa kwa Kiswahili, na mhariri wake, Francis Khamisi, alikuwa miongoni mwa waasisi wa KAU. Chama nacho kilikuwa na gazeti lake, Sauti ya Mwafrika. Bila shaka ni katika mikutano na kurasa kama hizo ambapo msamiati wa siasa za uwakilishi ulikomaa: mjumbe, hoja, mswada, hazina, bajeti, waziri.

Ilichukua miaka 30 tangu uteuzi wa Mathu ndipo Kiswahili kikaingia ukumbini kwa amri ya Kenyatta, Julai 1974. Wabunge waliozoea kujificha nyuma ya Kiingereza walitatizika, na wengine waliokuwa kimya wakapata sauti. Baadaye Kiingereza kilirudishwa sambamba nacho. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 120, inazitaja Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi za Bunge. Hata hivyo, makadirio ya matumizi, yaani kitabu ambamo fedha za umma zinaonekana waziwazi, yamekuwa yakiandaliwa kwa Kiingereza. Mwananchi anaweza kusikia swali kwa Kiswahili na bado asiweze kusoma hesabu inayoulizwa. Hapa pana kazi inayowangoja watafsiri na wanaisimu.

Hitimisho

Kawangware iliingizwa katika jiji, na tangu uchaguzi wa 2013 imekuwa katika eneo bunge la Dagoretti Kaskazini. Kibera nayo ikatengwa na Lang'ata na kuwa eneo bunge la Kibra. Mitaa ambayo haikuwa na msemaji sasa ina wabunge. Chini ya Katiba ya 2010 mawaziri si wabunge tena, lakini kifungu cha 153 kinawalazimu kufika mbele ya kamati na kujibu maswali, na tangu mwaka 2023 wamekuwa wakiitwa kujibu hata katika vikao vya Bunge zima.

Je, swali linafaa? Kibera inatoa majibu mawili. Wanubi walioitwa wapangaji wa hisani mwaka 1934 walipewa hatimiliki ya jamii ya ekari 288 mwaka 2017, kati ya zile zaidi ya 4,000 za mwanzo. Kumbukumbu za zamani, pamoja na majibu ya hila yaliyomo ndani yake, zilikuwa sehemu ya ushahidi wa madai yao. Aidha, sensa ya 2009 iliwahesabu wakazi wa Kibera kuwa wapatao 170,000, ilhali kwa miaka mingi ilitajwa idadi ya milioni moja. Anayeuliza fedha za maji na vyoo zimekwenda wapi hana budi kwanza kujua zilikusudiwa watu wangapi. Jibu la pili ni la onyo. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliingia kwa nguvu katika majengo ya Bunge, wakiupinga Mswada wa Fedha uliokuwa umetoka kupitishwa, na watu kadhaa wakauawa kwa risasi. Ni onyo lilelile la 1952: watu wakiona swali lao haliulizwi, au linaulizwa na halijibiwi, hulitafutia njia nyingine, na njia hiyo huwa na damu.

Mathu hakuwa shujaa asiye na doa. Aliamini mno kwamba serikali inayosikia hoja nzuri itaifuata, na kiti cha karibu na mamlaka kilimnyamazisha kuliko upinzani ulivyoweza. Lakini kabla yake hapakuwa na Mwafrika aliyesimama Nairobi na kumtaka mwenye kushika fedha za umma azitolee hesabu. Kuuliza si ujinga, husema wahenga. Katika ukumbi ule wa 1944, ambamo kila mtu alidhani kwamba Mwafrika amekuja kujifunza, kuuliza ndiko kulikokuwa kufundisha.